Chapa ya Sifuri

Kama hukusoma wiki iliyopita, hujapitwa na mengi. Umepitwa na neno moja tu: "Tatu."

Hilo ndilo neno nililolitamka kule Mpwapwa, mbele ya ukoo wa marehemu Mzee Filipo, watu arobaini na ushee wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Mzee Nikodemo, kaka wa marehemu na mwenyekiti wa ukoo, aliniuliza: "Fundi, hii video iliyosambaa imetoka kwenye nakala ya nani?"

Nikasema tatu. Nakala ya tatu alipewa Joel, mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza. Kila mtu aliniamini papo hapo. Mtoto wa mke wa kwanza huwa hakosi lawama.

Nilisema uongo. Haikuwa tatu, ilikuwa sifuri. Na sifuri ni mimi.

Kwa wanaoungana nasi leo: mimi ni Lameck, mpiga picha za video, studio yangu iko Makole, Dodoma mjini. Nilirekodi msiba wa Mzee Filipo tangu mwili unaingia hadi siku ya kuanua tanga. Siku hiyo ukoo ulikaa kikao, na Mzee Nikodemo akataka kamera iendelee. Ukoo ule hauandiki muhtasari siku hizi, unarekodi. Ndipo aliposema, kamera ikimtazama, kwamba binti wa marehemu anayeitwa Ruthu si damu ya Filipo na asihesabiwe kwenye mgawo wa ng'ombe.

Zikatoka nakala tano kwa watu watano, kila moja na chapa yake, namba isiyoonekana kwa macho, imetawanywa ndani ya picha zenyewe. Sikuwaficha. Niliwaambia wote watano: ikitoka nje, nitajua imetoka kwa nani. Mzee Nikodemo alifurahi sana. Akasema atakayeitoa atatoka nayo kwenye ukoo.

Ilitoka. Siku ya nne baada ya kusambaa, Ruthu alikunywa dawa ya kuogeshea mifugo. Hakufa. Yuko hospitali hapa mjini, koo limeungua, hawezi kusema.

Aliyeitoa ni mimi. Nilimpenda Ruthu, na Ruthu alikuwa amechumbiwa na Seth. Nilikata kile kipande cha dakika moja na nusu nikakituma kwa mama yake Seth peke yake, kwa laini niliyoisajili kwa jina la mtu mwingine. Nilitaka nyumba moja tu ione, posa ivunjike, basi. Mama Seth akamtumia dada yake. Dada yake akakiweka kwenye kundi la kwaya. Kwaya zetu mnazijua, hazina siri.

Sasa tuendelee. Mtanitukana mkimaliza.

Jumatano nilikwenda hospitali. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kuangalia kama Ruthu ataweza kuzungumza.

Mama yake, Mama Penina, alikuwa kwenye kibaraza cha wodi, amejifunga khanga ya msiba wa mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Lameck. Umekuja tena? Mungu akuzidishie. Wa ukoo hajakanyaga hapa hata mmoja."

"Anaendeleaje?"

"Amefumbua macho. Daktari anasema sauti itarudi. Wiki mbili, mwezi, hajui. Ila itarudi."

Nikasema "Mungu ni mwema" kwa sauti ya kusikika. Moyoni niliomba isirudi. Naliandika hili kama lilivyokuwa, msije mkaanza kunionea huruma.

Mama Penina akanishika mkono. "Unajua, mwanangu, Filipo alijua. Alinioa nikiwa na mimba ya huyu mtoto, akasema mtoto akizaliwa kwangu ni wangu. Na Nikodemo naye alijua, miaka yote. Alingoja tu mwenye nyumba azikwe."

Nikageukia mlango wa wodi.

"Ingia umsalimie. Seth yumo."

"Seth yupi?"

"Yupi tena? Mkwe wangu."

Nikaingia. Seth alikuwa ameketi kando ya kitanda, mikono ya shati imekunjwa, anamlowesha Ruthu midomo kwa pamba. Alikuwa na ndevu za siku nne. Mtu huyu hakuwa ameondoka pale.

"Karibu, kaka," akasema taratibu.

"Nilisikia kwamba nyumbani kwenu..."

"Mama alikataa. Mimi sikukataa." Akachovya pamba tena. "Kwani mimi nilimchumbia baba yake? Nilimchumbia yeye. Akipona hata kesho, tunaandikisha ndoa. Mama atakuja, asipokuja basi."

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Nilikuwa nimechoma nyumba nzima nimfukuze panya mmoja, na panya yuko palepale, tena ndiye mwenye kutunza mgonjwa. Kumbe hata uovu wangu haukufanya kazi niliyoutuma.

Ruthu akageuza macho, akaniona.

Hakulia. Hakukunja uso. Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kuuliza swali, anangoja jibu. Nikatazama dripu, nikatazama dirisha, nikasema nina kazi ya mteja, nikaaga. Seth akanisindikiza hadi mlangoni na kunishukuru kwa kuja.

Alhamisi, saa nane mchana, Joel akaingia studio.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Baada ya kikao kile, vijana wa ukoo walimngojea njiani. Vidole viwili vimevunjika. Joel ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Kazi yake ni kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, na kuonja punje, na bambo halishikiki kwa vidole vitatu.

"Shikamoo, kaka Lameck."

"Marahaba," nikasema, nikiangalia mlango. Nilidhani amekuja na wenzake.

"Nipo peke yangu. Sikuja kwa ugomvi." Akavuta kiti kwa mkono wa kushoto. "Kaka, mimi sikulaumu. Mashine yako imekosea tu. Mashine ni chuma. Mizani za Kibaigwa zinadanganya kila siku na watu wanaziona kwa macho, sembuse hicho kidude kisichoonekana."

Mtu niliyemuangamiza alikuwa amesafiri kuja kunitafutia kisingizio.

"Wanasemaje nyumbani?" nikauliza.

"Jumamosi saa nne wananitoa. Baba mkubwa ameshatamka. Nihame boma la baba, na nikifa nisizikwe pale." Akaitazama bandeji yake. "Mengine navumilia, kaka. Hilo la kuzikwa ndilo limenikaa hapa."

Alijigusa kooni. Akafungua begi, akatoa kompyuta ndogo na kuiweka mbele yangu. Niliitambua kabla haijafunguliwa. Ilikuwa na stika ya tausi iliyochubuka ubavuni.

"Laptop ya Ruthu. Mama Penina kaniambia kwa simu, siku ile asubuhi alikuwa humu, anaandika, ndipo akatoka kwenda zizini. Nimeangalia, hakuna barua. Kuna picha ya ndama tu, imehifadhiwa siku ile ile, saa tano kasoro. Nikajiuliza: mtu aliyekwishaamua kufa anahangaika na picha ya ndama kwa nini? Wewe umefanya naye kazi. Niambie."

Ndama yule nilikuwa namjua.

Mwaka jana Ruthu alikuja studio kwangu kufanya mafunzo ya vitendo. Alikuwa anasoma kompyuta chuoni. Ndiye aliyenitengenezea programu ya kupiga chapa. Na wakati wa mapumziko alikuwa na mchezo wake mwingine: kuchukua picha ya ndama mweupe wa kwao na kuficha maneno ndani yake, kisha kunitumia. Ukiitazama ni ndama. Ukiiweka kwenye programu yake na kuandika neno la siri, inatoka sentensi. "Mteja wako ananuka gongo." "Leo chai ya Mama Editha haina sukari." Tulicheka sana mbele ya wateja wasiojua tunacheka nini. Kwake ulikuwa mchezo. Mimi nilihesabu kila ndama kama barua ya mapenzi.

Siku moja nikamuuliza: "Sasa hili na ile chapa tofauti yake nini? Si vyote umevificha ndani ya picha?"

Akaniangalia kwa masikitiko ya utani. "Lameck, wewe kweli umezaliwa na Wagogo? Ng'ombe wa baba ana chapa pajani. Mwizi anaijua, kijiji kizima kinaijua, na kuijua hakumsaidii. Akitaka kuifuta lazima aiharibu ngozi. Na chapa inamsema ng'ombe mwenyewe: huyu ni wa fulani."

"Na ndama wako?"

"Hiyo ni barua ndani ya gunia la mahindi. Naichomeka katikati, napandisha gunia kwenye lori pale Kibaigwa, linakwenda. Barua haina habari na mahindi. Mahindi ni usafiri tu. Nguvu yake ni kwamba hakuna anayejua kama imo. Akijua mmoja tu, kazi imekwisha."

"Wakilimwaga gunia njiani, wakapakia upya?"

"Barua imepotea. Ndiyo maana sikutumii WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inamwaga gunia na kupakia dogo. Nakutumia kama faili, lifike lilivyo. Ila chapa, wakate, wapunguze, warushe mara mia, iko palepale."

Ningemsikiliza vizuri siku ile, leo msingekuwa na hadithi ya kusoma. Programu ile aliiweka ipige chapa kila kinachotoka kwenye kompyuta yangu. Ukijaza namba, inapiga namba hiyo. Mimi nilipotuma kile kipande kwa Mama Seth niliacha nafasi wazi, nikajiona mjanja, nimetoka bila chapa. Kumbe ukiacha wazi, inapiga sifuri. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Na siku ile Ruthu alipokunywa dawa, saa tano na dakika chache, ndama mweupe aliingia kwenye simu yangu. Alikuja kama picha ya kawaida.

Niliiweka kwenye programu, nikaandika neno la siri. Hakuna kitu. Gunia lilikuwa limemwagwa. Yeye aliyenifundisha alibonyeza pale pasipotakiwa. Mtu aliyefika pale alipofika Ruthu hana muda wa kuangalia amebonyeza wapi. Mimi nilishusha pumzi, nikasema labda ametuma picha tu. Saa moja baadaye nikasikia kilichotokea, na sikumwambia mtu kuhusu ndama.

Sasa ndama wa asili, asiyemwagwa, alikuwa mezani kwangu.

"Unaweza?" Joel akauliza.

"Nitajaribu. Umekula?"

"Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

"Nenda hapo kwa Mama Editha, mwambie Lameck kasema akupe wali maharage, sahani mbili. Hii itachukua muda."

Akaniangalia kwa shukrani. Nilimpa chakula mwenye njaa, kama Biblia inavyoagiza, ili nibaki peke yangu na ile kompyuta.

Alipotoka tu, nikaifungua picha. Programu ikauliza neno la siri. Nikaandika jina la yule ndama: Masika.

Yakatoka maneno.

"Lameck, nimesoma chapa ya ile video. Ni sifuri. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sitamwambia mtu. Nakupa wewe kwanza kwa sababu nilikuona kama kaka. Nenda kaseme mwenyewe kwa baba mkubwa, kabla hawajamshika asiyehusika."

Nikaelewa macho yale ya hospitali. Ruthu anaamini nimeshaisoma barua yake. Tangu afumbue macho anangoja kusikia kwamba nimekwenda kusema. Na Jumatano nilipoondoka bila neno, alijibiwa.

Nililia. Sitaki mnisifu kwa machozi hayo, maana hayakunizuia kufanya nililofanya baadaye.

Nikaangalia dirishani. Joel alikuwa amesimama kwenye foleni kwa Mama Editha, bandeji yake ikionekana toka mbali. Nikawaza Jumamosi. Nikawaza vijana wale waliovunja vidole vya mtu wa damu yao. Mimi si hata wa ukoo, wangenivunja nini?

Nikaihifadhi picha upya, ubora nusu, juu ya ile ya zamani. Ikachukua sekunde mbili. Nikaandika Masika tena.

Hakuna kitu. Ndama tu, mweupe, anatazama kamera.

Joel akaingia na sahani mbili moja juu ya nyingine, anazishikilia kwa mkono mmoja na kifua.

"Imesema nini, kaka?"

"Hakuna kitu, Joel. Nimejaribu kila njia. Ni picha tu ya ndama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakubisha. Akaketi, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kula kwa mkono huo mbele yangu.

"Basi tutasikia Jumamosi," akasema.

"Tutasikia nini?"

"Kabla sijaja kwako nilikwenda chuoni kwa mwalimu wake Ruthu. Nilimkuta, mtu mwema sana. Akaniambia: nakili faili lenyewe kwenye flashi, usipige picha kioo, usilitume kwa simu. Nikanakili, nikamwachia. Atakuja Mpwapwa mwenyewe aifungue mbele ya ukoo. Baba mkubwa kakubali, nimeongea naye kwa simu asubuhi."

Nikasukuma sahani yangu kando.

"Na ile video nayo ataipima upya. Anasema hiyo programu ya chapa ilikuwa kazi ya Ruthu ya chuo, yeye ndiye aliyemsahihishia, anayo yote."

"Sasa kama ulishampa mwalimu," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "kwangu ulifuata nini?"

Joel akaweka kijiko chini.

"Nilikupa wewe kwanza, kaka. Nilisema mashine yako kama ilikosea, ni vizuri ujue mapema, ukaseme mwenyewe. Usije ukaaibishwa na mgeni mbele za watu. Wewe ulitusitiri msibani, ulirekodi siku nzima bila kula. Sikutaka uaibike."

Joel na Ruthu walikuwa watoto wa mama tofauti, na kwa damu hata wa baba tofauti. Wote wawili walinipa mimi kwanza.

Nikatafuta pa kushika. "Hataweza kuifungua. Lazima awe na neno la siri, na neno analo Ruthu."

"Hata mwalimu kasema hivyo. Akasema huwa ni jina la kitu mtu anachokipenda." Joel akaigeuza ile kompyuta, akamtazama ndama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu kidogo. "Nikamwambia, kama ni jina la huyu, lipo. Huyu nilimzalisha mimi, kwa mikono hii, mwaka ule mvua zilipochelewa. Asubuhi yake ikanyesha. Ruthu alikuwa nyumbani likizo, akaniuliza tumwite nani. Mimi ndiye niliyempa jina."

Akaendelea kula. Nje Mama Editha alikuwa anagombana na mteja kuhusu sahani zake.

"Uje Jumamosi, kaka," akasema Joel bila kuinua macho. "Saa nne. Kwenye benchi langu hakuna atakayekaa. Ukikaa wewe, nitapata nguvu."

Nikamwambia nitakuja.